"Bila kikomo" itimizwe, au itafutiwe jina jingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vifurushi vya intaneti vinavyouzwa kwa jina la "bila kikomo". Yaliyonikuta dukani kwangu mwishoni mwa Agosti yamenifanya nitafute kuelewa jambo ambalo kwa miaka kadhaa nilikuwa nalilipia bila kuliuliza, na nilichokielewa naona si haki nikae nacho peke yangu.

Nina steshenari hapa Moshi mjini, upande wa Kiusa. Tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga lamineti vyeti, lakini siku hizi sehemu kubwa ya kipato chetu inatokana na kuwajazia watu fomu za mtandaoni: namba ya mlipakodi, maombi ya ajira, udahili wa vyuo, mikopo ya elimu ya juu. Kwa kazi hiyo nilinunua ruta na kujiunga na kifurushi cha mwezi ambacho tangazo lake lilibeba maneno mawili kwa herufi kubwa, BILA KIKOMO, na chini kabisa, kwa herufi ambazo nilikuja kuzisoma baadaye kwa miwani, yale maneno tuliyoyazoea redioni: "vigezo na masharti kuzingatiwa". Siku kumi na moja za kwanza za kifurushi cha Agosti sikuwa na la kulalamikia.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, aliingia binti mmoja kutoka Uru, akanisalimia "shikamoo mama", akatoa vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki aliyokuwa ameificha chini ya sweta kwa sababu huko juu kulikuwa na manyunyu. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi yake ya mkopo. Tukajaza kila kitu, tukaskani cheti cha kuzaliwa, faili lisilofika hata megabaiti mbili, nikabonyeza kitufe cha kupakia. Mstari wa kijani ukasogea hadi asilimia 64, ukasimama. Tukarudia. Safari hii ukasimama kwenye 40, kisha ukurasa ukakatika wenyewe na kututaka tuingie upya. Binti hakusema neno; alikuwa anatazama saa ya ukutani, kisha ananitazama mimi, kisha anairudia saa. Baada ya dakika arobaini za namna hiyo nikatoa simu yangu, yenye laini ya kampuni ile ile, nikajiunga na bando dogo la saa 24, nikaiunganisha na kompyuta, na cheti kikapanda kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Naomba msomaji alitazame vizuri tukio hilo. Kampuni ni moja, meza ni moja, wakati ni ule ule, na kwa kadiri ninavyoweza kujua mnara uliotuhudumia ni ule ule. Kama mnara ungekuwa umelemewa, bando dogo nalo lingekwama. Halikukwama. Kilichokwama ni kifurushi nilichouziwa kwa bei kubwa kwa ahadi kwamba hakina kikomo.

Nilipopiga simu huduma kwa wateja, dada aliyepokea alinieleza kwa upole kwamba nimefikia kiwango cha matumizi ya haki, na kwamba kasi yangu imeshushwa hadi mwezi wa kifurushi utakapoisha ili wateja wengine nao wapate huduma. Nikamuuliza kiwango hicho ni GB ngapi. Akasema kipo kwenye vigezo na masharti. Nikamuuliza ni wateja gani waliokuwa wananisubiri nimalize saa nne asubuhi, wakati laini nyingine ya kampuni yake ilikuwa inakimbia pale pale mezani. Hapo hakuwa na jibu, na sidhani kama waliomwajiri wamempa. Simlaumu.

Sisemi kwamba msongamano wa mtandao ni uongo. Upo, na unatokana na maumbile ya redio yenyewe. Mnara wa simu kwa kawaida hugawanya eneo lake katika pande tatu, na kila upande hupewa kipande cha masafa ya redio ambacho watu wote waliomo humo wanakitumia kwa pamoja. Katika 4G, kipande chenye upana wa megahezi 20 kinachotumia antena mbili kinaweza kubeba, kwa hesabu ya kwenye karatasi, megabiti 150 kwa sekunde, na katika hali halisi huwa ni pungufu ya hapo. Video ya ubora wa juu huhitaji takribani megabiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo watazamaji 30 wa mpira wakiwasha kwa wakati mmoja wameimaliza hata ile hesabu ya karatasini. Tena mtu aliye mbali na mnara, au aliyefichwa na mgongo wa kilima, huchukua muda mwingi zaidi wa mnara kupata faili lile lile, kwa kuwa ishara dhaifu hulazimisha data ipelekwe polepole. Na sisi tunaoishi kwenye miteremko hii tunajua makorongo yetu yalivyo. Kuongeza uwezo kunataka masafa zaidi, minara zaidi, na njia pana zaidi ya kutoa data mnarani, iwe ya faiba (nyaya za kioo) au ya maikrowevu (mawimbi ya redio kutoka mnara hadi mnara), na vyote hivyo vinataka fedha. Hayo nayakubali yote.

Lakini msongamano una saa yake na mahali pake. Kila mwaka, ikifika tarehe 20 Desemba, mkoa wa Kilimanjaro hupokea watoto wake kutoka Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na ng'ambo, na mnara wa kijijini ambao mwaka mzima ulikuwa unahudumia wazee na wanafunzi unajikuta umezungukwa na magari yaliyopangwa hadi njiani, kila gari limekuja na simu nne au tano. Desemba iliyopita nilikuwa kwa wakwe zangu Kibosho. Mkesha wa Krismasi, saa mbili usiku, nilipima kasi kwa simu yangu nikapata chini ya megabiti moja kwa sekunde. Mama mkwe alikuwa anazungumza kwa video na mwanawe aliyeko Ujerumani, na sura ya kijana ikaganda mdomo wazi. Mama akaendelea kuisalimia hivyo hivyo, akimuuliza habari za baridi, mpaka mjukuu alipomwambia kwamba mjomba hasikii. Saa kumi alfajiri niliamka kuchochea moto, nikapima tena nikiwa pale pale jikoni: megabiti 31. Mnara haukuwa umeongezwa kitu usiku ule. Watu walikuwa wamelala.

Ndiyo maana nasema hesabu ya GB za mwezi haina uhusiano wa karibu na msongamano tunaoambiwa inautibu. Anayepakua GB 10 saa kumi alfajiri hamnyimi mtu yeyote kitu, kwa sababu nafasi ambayo haikutumika mnarani katika sekunde hiyo haiwekwi akiba kwa ajili ya kesho. Anayetazama mpira saa mbili usiku, hata kama hiyo ni GB yake ya kwanza tangu mwezi uanze, yumo katika foleni na anairefusha. Ukimbana yule wa kwanza saa zote na kila aendako mpaka mwezi uishe, foleni ya saa mbili usiku inabaki na watu wake wengine wote.

Wazee wetu walilijua hili kupitia maji. Mifereji ya asili ya mlimani, tunayoiita mifongo, iligawiwa kwa zamu: ukoo au kaya ilikuwa na siku yake na saa zake za kufungulia maji kwenda mgombani, na waliosimamia mfereji walikuwa wakali kiangazi na walegevu masika. Aliyefungulia maji nje ya zamu yake wakati wa ukame aliitwa kikaoni. Sijawahi kusikia kwamba mtu alihesabiwa maji ya mwezi mzima, kisha akazibiwa siku ambayo mfereji umejaa hadi unamwagika njiani. Kampuni za simu zinaweza kuona kwa mitambo yao mnara upi umejaa saa ngapi, kwa usahihi ambao msimamizi wa mfereji hakuwa nao, na ufundi wa kumpunguzia kasi mtumiaji mkubwa pale tu mnara wake unapojaa, kisha kumrudishia unapopata nafasi, upo na unatumika kwingineko.

Suala hili si geni duniani. Marekani, kampuni ya AT&T ilikuwa ikiuza intaneti bila kikomo kwa wenye iPhone tangu simu hiyo ilipotoka mwaka 2007, ikaacha kuwauzia wateja wapya mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikaanza kubana kasi ya wateja wa zamani waliobaki na vifurushi hivyo. Oktoba 2014, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo iliishtaki mahakamani, ikieleza kwamba wateja zaidi ya milioni 3.5 walibanwa, baadhi yao baada ya kutumia GB 2 tu kwa mwezi, na kwamba walibanwa hata pale mtandao ulipokuwa na nafasi ya kutosha. Kesi ilimalizika Novemba 2019 kwa makubaliano: kampuni ikatoa dola milioni 60, na ikakatazwa kuiita huduma "bila kikomo" bila kuutaja waziwazi ukomo uliopo, pale pale kwenye tangazo, si katika maandishi madogo.

Kubana huku kunaweza pia kugusa mambo makubwa kuliko steshenari yangu. Mwaka 2018, wazima moto wa Santa Clara, jimbo la California, walikuwa katika mapambano na moto mkubwa wa msituni pale kasi ya intaneti ya gari lao la mawasiliano iliposhushwa na kampuni ya Verizon kwa kuwa walikuwa wamevuka kiwango cha kifurushi chao cha bila kikomo. Kampuni ikakiri baadaye kwamba ilikosea kutoondoa kizuizi hicho wakati wa dharura. Sisi tuliotazama moshi ukipanda Kilimanjaro mwezi Oktoba 2020 hatuhitaji kuelezwa kwa nini habari hiyo inatuhusu.

Watumiaji nao wana sehemu yao, na sitaki kuificha. Hapa mjini kuna watu wanaochukua kifurushi kimoja cha nyumbani, wakafunga ruta juu ya bati na kuuza Wi-Fi kwa hosteli nzima, wanafunzi thelathini kwa laini moja, kila mmoja akitoa chake kwa siku. Huyo anafanya biashara kwa huduma ya nyumbani, na kampuni ina haki ya kumwambia achukue kifurushi cha biashara. Imwambie yeye, basi, kwa jina lake na kwa ushahidi, na isimtumie kama sababu ya kumbana mama aliyepakia vyeti mchana.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina nguvu ya kisheria katika jambo hili, na tumewahi kuona kwamba kilio cha wananchi kikiwa kikubwa kinasikika: bei mpya za vifurushi zilizoanza Aprili 2021 zilizua kelele nchi nzima hadi zikasitishwa. Ninachokiomba safari hii ni chepesi kuliko bei. Kifurushi chenye kiwango cha GB ambacho baada yake kasi hushushwa kiandikwe hivyo kwenye tangazo lenyewe, kwa herufi zinazolingana na za jina lake, na kasi itakayobaki itajwe kwa tarakimu. Mteja atumiwe ujumbe kabla hajafikia kiwango, ili mwenye kazi ya siku ya mwisho ajipange. Na pale kampuni inapodai kwamba imebana kwa sababu ya msongamano, ibane katika mnara uliosongamana na katika saa zake, kisha iachie. Kama mpango huo hauwezekani, sina ugomvi na kampuni kuuza GB 100 kwa mwezi na kuziita GB 100. Nitanunua, nitazigawa, na nitajua zinaisha lini.

Naomba kampuni zinazouza vifurushi hivyo hapa Kaskazini zitujibu kupitia ukurasa huu ni GB ngapi hasa zinahesabiwa kuwa matumizi ya haki, kasi hushuka hadi ngapi, na ni minara mingapi kati ya ile ya Moshi, Hai na Rombo itaongezewa uwezo kabla wageni wa Krismasi hawajafika. Binti wa Uru alipata namba yake ya uthibitisho siku ile, nikamchapia bila malipo. Mimi nitakuwa Kibosho kuanzia tarehe 20 Desemba, nami nitapima tena kasi pale pale jikoni, saa mbili usiku na saa kumi alfajiri.

Wako,
Mwenye steshenari,
Kiusa, Moshi