Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla ya deksamethasoni, tuulize kuhusu minyoo

Mheshimiwa Waziri, salaam. Mimi ni muuguzi tu wa wodi ya wagonjwa wa mapafu, sina cheo, ila hili jambo limenikaa kooni muda mrefu.

Korona ilipoanza hatukuwa na dawa ya maana, halafu Juni 2020 yakatoka majibu ya utafiti wa RECOVERY kule Uingereza kwamba deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, mpaka siku 10, inapunguza vifo kwa mgonjwa anayehitaji oksijeni. Na kweli inaokoa, nimeona mwenyewe, kwa hiyo mtu asisome hapa akadhani nasema ifutwe. Ninachosema ni kwamba hii ni dawa ya steroidi, inashusha kinga ya mwili, na kuna mnyoo anaitwa stronjiloidesi ambaye hiyo ndiyo nafasi yake.

Huyu hafanani na minyoo mingine. Mtu anakanyaga peku udongo wenye kinyesi, mnyoo unapenya ngozi, ukishafika utumboni unazaana na kumwambukiza upya mwenyewe humo humo, miaka 30 inapita hajui kitu. Akipewa steroidi wanaongezeka kupita kiasi, wanatoboa utumbo, wanasambaa mpaka mapafu na ubongo wakiwa na bakteria wa tumboni, na bakteria hao wanaingia kwenye damu.

Tulikuwa na mzee mmoja, alishapata nafuu, oksijeni tumepunguza, ameanza kuomba simu aongee na wanawe. Ghafla homa ikarudi, tumbo likajaa, akawa anakohoa damu. Wote tukasema korona imemzidi. Nilipokuwa namgeuza nikaona mstari mwekundu pajani, umejipinda kama uzi, na asubuhi wakati namwogesha haukuwepo jamani, nilipourudia baada ya saa moja ulikuwa umesogea. Sikujua kuwa ni mnyoo huyo anatembea chini ya ngozi. Mtu wa maabara ndiye aliyeniita nichungulie darubini, makohozi ya mzee, vinyoo vinajinyonganyonga. Tulikuwa tumeshachelewa.

Inaniuma kwa sababu dawa ipo. Ivamektini, vidonge vya siku moja au mbili, idadi ya vidonge kulingana na uzito. (Simaanishi inatibu korona, haitibu, nazungumzia mnyoo tu.) Albendazo tunayogawa kila siku kwa huyu haina nguvu sana, na kipimo kimoja cha choo kikisema hakuna kitu bado anaweza kuwepo.

Ombi langu Mheshimiwa: kwenye mwongozo wa matibabu, pale pale palipoandikwa deksamethasoni, ongezeni mstari. Mgonjwa aulizwe kama amekulia sehemu za kutembea peku kwenye udongo, kama ana muwasho au tumbo la muda mrefu, na akiwa kwenye hatari apewe ivamektini siku hiyo hiyo bila kusubiri maabara wala kuchelewesha steroidi. Isipokuwa kwenye maeneo ya minyoo ya Loa loa, huko apimwe damu kwanza maana ivamektini inaweza kumdhuru. Na hii si ya korona peke yake, homa kali yoyote ya mapafu tunayoitibu kwa steroidi inahusika.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa zamu ya usiku