Barua ya wazi kwa wanangu wa masters na PhD: siku nne hazitoshi hata kusoma

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Leo sina salamu ndefu, nina hasira na majarida ya utafiti yanayochapa chochote mradi umelipa, na daktari kasema nisikae nazo kifuani.

Wiki mbili zilizopita kijana niliyewahi kumsimamia kaja nyumbani na kreti ya soda, kacheka mpaka gego la mwisho. "Mwalimu, makala yangu ya utafiti imetoka!" Imetoka wapi? Akafungua laptop. Jarida lina jina refu kama treni ya mizigo, la kimataifa eti, linachapa kila kitu kuanzia kilimo mpaka meno. Katuma Jumatatu, Ijumaa kakubaliwa, kalipa dola 180 za kukopa kwenye kikoba cha mkewe, na kapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu ambacho jina lake mwenyewe limekosewa. Nikaanza kusoma. Nafika ukurasa wa saba, chini ya jedwali la tatu, katikati ya Kiingereza nakutana na Kiswahili: "Hii namba umeitoa wapi? Njoo tuongee."

Hayo ni maneno yangu mimi! Niliyachomeka kwenye rasimu ya karatasi kwa wino mwekundu, mwenzenu alipoingiza masahihisho kwenye kompyuta akayaingiza na hayo akasahau kufuta, na wao wakachapa hivyo hivyo. Yaani hakusoma mhariri, hakusoma mpitiaji, yule mtaalamu wa kukagua makala kabla haijachapwa, hakusoma hata aliyepanga kurasa.

Soda nilikunywa, nisiwadanganye. Ila kilichoniuma ni kazi. Huyu kijana alizunguka Kongwa, kule Dodoma, msimu mzima na bodaboda kuchota mahindi kwenye vihenge vya watu kupima sumukuvu, ile sumu ya ukungu, akina mama wamemfungulia vihenge vyao, na majibu yale yangesaidia watu. Sasa yamezikwa humo. Kuomba waiondoe, wamemwambia alipe tena. Kuipeleka jarida la maana, haiwezekani, maana ilishachapwa.

Na msiseme hamkujua. Mwaka 2013 John Bohannon, mwandishi wa habari wa jarida la Science, alitunga makala ya uongo ya dawa ya saratani yenye makosa ambayo hata mwanafunzi angeyaona, akaituma kwa majarida 304 na 157 yakaikubali. Na majina aliyojitungia yalikuwa ya watafiti wa Kiafrika wa vyuo visivyokuwepo, kimoja eti kipo Asmara. Hilo liacheni likae kichwani kidogo.

Kukagua jarida wala sio uchawi. Imeili inayokuita profesa mashuhuri wakati hata viva, kuitetea tasnifu yako, hujafanya, futa. Soma makala tatu walizochapa mwaka jana, ukiona aibu badala yao, kimbia. Angalia bodi ya wahariri kisha mwandikie mmoja wao kwa imeili ya chuo chake umuulize kama anajua jina lake liko pale, wengine huwa hawajui. Tafuta jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kama ni la huku kwetu. Namba ya ISSN, ile ya kulitambulisha jarida, isikutishe, kuipata ni rahisi tu, haisemi chochote kuhusu ubora. Na angalia herufi za anwani moja moja, wapo wanaoiba jina la jarida halali wakafungua tovuti inayofanana nalo kama pacha.

Mengine nayataja tu mnayajua: usitume makala moja majarida mawili kwa wakati mmoja. Fuata mwongozo wa waandishi mpaka koma ya marejeo. Kibali cha maadili kipatikane kabla ya kukusanya data, sio baada. Kama jarida zuri linatoza ada, omba msamaha wa ada mapema, mengi yanatoa kwa nchi zetu ila mnaona haya kuomba.

Haraka ya nini lakini? Erasto Mpemba, mtoto wa sekondari ya Magamba, aliweka mchanganyiko wa ice cream kwenye friza ukiwa bado wa moto mwaka 1963, ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa kabisa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Akaja kumuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipotembelea Mkwawa kule Iringa, darasa zima likamcheka, lakini Osborne akarudi chuoni akaagiza jambo lipimwe maabara. Makala yao ilitoka 1969 kwenye Physics Education, miaka sita, na jina la kwanza ni la yule kijana! Mpaka leo wanafizikia wanaibishania, ndivyo makala inavyoishi.

Siku hizi ni kinyume, bosi hajawahi kushika hata kihenge anataka jina lake liwe la kwanza. Na nyie wakubwa wenzangu wa vyuo sitawaacha. Tunahesabu makala kama mbuzi wa mahari, zimefika ngapi, hakuna anayeinama kuangalia mbuzi gani ana ukurutu. Mtu anapanda cheo kwa makala kumi ambazo hata yeye mwenyewe hajazirudia kuzisoma, kisha tunashangaa kijana kakopa kikoba.

Mimi makala yangu ya kwanza ilikataliwa, 1987, tulikuwa tunatuma kwa posta, jibu lilikuja baada ya miezi saba. Kurasa mbili za mpitiaji ambaye simjui mpaka leo, kanivua nguo kabisa. Nikaitupa juu ya kabati, ikala vumbi mwaka mzima kwa kiburi changu. Nilipoishusha nikakuta yule bwana alikuwa anauliza kitu kimoja tu, kwa nini sampuli zote zimetoka upande mmoja wa barabara. Kwa kweli sikuwa na jibu, upande wa pili kulikuwa na mto sikutaka kuvuka. Ilibidi nikavuke.

Kijana wangu nimemwambia arudi Kongwa mavuno yajayo, aanze na vijiji vipya. Nyie wengine wenye makala tayari, Jumanne na Alhamisi asubuhi nipo nyumbani. Njooni nazo zimechapwa kwenye karatasi, macho yangu hayapatani na skrini. Kalamu nyekundu ninayo, soda msilete.