Heri ya Tisa Desemba

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Heri ya Tisa Desemba kwenu nyote, mlioko nyumbani na mlioko safarini. Najua kwa wengi sikukuu hii ni kituo tu cha njiani kuelekea Krismasi. Wenzetu wa Moshi tiketi za basi ziko mfukoni, wanakwenda kuhesabiwa. Haya, safari njema, ila kabla hamjapanda nina neno.

Saa sita usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, pale Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, bendera ya Mwingereza ilishuka na ya Tanganyika ikapanda. Luteni Alexander Nyirenda naye akapandisha mwenge na bendera kileleni Kilimanjaro. Hayo tumeyakariri tangu shule ya msingi. Tusichokikumbuka ni kwamba kulipokucha, Malkia Elizabeth alikuwa bado mkuu wa nchi yetu, Richard Turnbull akimwakilisha kama Gavana Mkuu, na Nyerere ni Waziri Mkuu. Januari 1962 Mwalimu akajiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama chake, TANU. Hata miezi miwili ya uhuru haijatimia, mtu anakiacha kiti! Mimi hilo hunishangaza kuliko mwenge.

Novemba ya mwaka huohuo ikapigwa kura ya urais, Mwalimu akishindana na Zuberi Mtemvu wa ANC, chama cha upinzani cha hapahapa Tanganyika. Mtemvu aliambulia kura chache mno, lakini alisimama. Baada yake wapiga kura waliulizwa ndiyo au hapana kwa mgombea mmoja hadi 1995. Kisha tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri. Kwa hiyo leo tunasherehekea mambo mawili, na la pili ndilo lililomwondoa Malkia.

Salamu zangu za pekee ziwaendee kina bibi. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed aliwafuata wanawake wa Dar es Salaam kwenye vikundi vyao vya ngoma, lelemama na vinginevyo, akawaingiza TANU kwa wingi. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Kama kwenu yupo bibi au babu aliyekuwa na akili zake mwaka 1961, mpigie simu leo, umpe heri ya sikukuu, kisha umwache azungumze.

Uhuru na Kazi, ndugu zangu. Mule vizuri.