Bravo November: mafundi nao watajwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila ikitajwa Bravo November, ile helikopta ya mizigo aina ya Chinook ya jeshi la anga la Uingereza, stori ni ileile tu, ndege ya bahati, marubani mashujaa, basi imeisha. Marubani siwabishii, wanne wamepata nishani ya ushujaa ya Distinguished Flying Cross kwa helikopta hii hii moja, Falklands 1982 (vita ya Uingereza na Argentina kugombea visiwa vya huko Atlantiki ya kusini), Iraq 2003, Afghanistan 2006 na tena 2010, na huyo wa mwisho, Ian Fortune, risasi ilimpata kwenye helmeti, damu inamtoka usoni na bado akawafikisha majeruhi kambini. Ila mafundi mbona hawatajwi?

Tarehe 25 Mei 1982 Waargentina waliipiga kombora la Exocet meli ya mizigo ya Waingereza Atlantic Conveyor, Chinook tatu zikateketea humo, hii ikapona kwa sababu muda huo ilikuwa angani, ikaenda kutua kwenye HMS Hermes, meli ya Waingereza ya kubeba ndege. Hapo sawa, ni bahati. Lakini humo melini ndo zilikuwemo spea, vifaa vya kazi na vitabu vya ufundi, vyote vikaenda, sasa we fikiria umebaki na helikopta moja kubwa vile yenye injini mbili na rota mbili, vita ndo inapamba moto, na huna hata kitabu cha kuangalizia.

Haikupita wiki ikagonga maji! Ilikuwa usiku inarudi kutoka kupeleka mizinga Mount Kent, mlima wa hukohuko Falklands, theluji inamwagika, rubani Dick Langworthy haoni mbele, kipima kimo nacho kimezingua, ikajibamiza kwenye maji, injini zikameza maji zikaanza kuzima, halafu zikashika tena akaivuta juu. Ndege imetoka kupigwa hivyo, vitabu hakuna, spea hakuna, mafundi wakaikagua wakairudisha kazini, na tarehe 2 Juni ikabeba askari wa miamvuli 81 kwa mkupuo mmoja, karibu mara mbili ya mzigo wake wa kawaida. Mpaka vita inaisha ilishabeba askari kama 1,500 na mizigo tani 550 hivi. Hiyo nayo mtaniambia ni bahati??

Halafu kuna miaka mingine 40. Imeboreshwa toleo baada ya toleo, injini zimebadilishwa, mitambo ya rubani nayo, ndo maana imefika 2022 ndipo ikastaafishwa ikapelekwa makumbusho ya jeshi la anga kule Cosford (kwa kweli sijui mle ndani kimebaki kiasi gani cha ile ya 1982, ila hilo tuliache).

Kwa hiyo mhariri, mkiiandika tena Bravo November, nusu ya ukurasa wapeni hao walioshika spana.

Msomaji wenu