Fidla ya umeme nitachangia, ila nina masharti

Mwanangu,

Habari za Unguja? Sisi huku Dodoma ni wazima, ni vumbi tu. Ujumbe wako nimeupata. Hela ya fidla ya umeme nitatoa nusu. Ila hilo la kuacha masomo ya klasiki eti kwa kuwa sherehe hazitaki Bach, yule mtunzi wa klasiki, nalikataa.

Huyo mpiga fidla Vanessa-Mae unayenitumia video zake, mwaka 1995 alitamba kwa kazi ya huyohuyo Bach, iliyotungwa kwa ajili ya kinanda cha kanisani, yeye akaitia midundo ya disko. Na kabla ya hapo, akiwa na miaka 13, alisharekodi konseto (kazi ndefu za fidla moja mbele ya okestra) za Beethoven na Tchaikovsky, ambazo watu wazima zinawatoa jasho. Umeme ulimkuta tayari anajua kupiga.

Sasa nizungumze kifundi. Fidla ya mbao ina tumbo wazi. Ukiipiga kwa maiki karibu na spika kubwa, sauti inarudi kwenye mbao na spika zinapiga mluzi. Ya umeme mara nyingi haina tumbo hilo. Kuna kidude darajani kinachopokea mtetemo wa nyuzi. Ishara yake ni dhaifu, kwa hiyo ukichomeka moja kwa moja kwenye mixa unaweza kutoa sauti nyembamba kama ya mbu. Tafuta yenye priampu ndani, yaani kifaa cha kuikuza ishara kabla haijafika kwenye mixa. Na ujue amplifaya haisahihishi noti. Kidole kikiteleza milimita mbili, ukumbi mzima umesikia.

Halafu unasema unachanganya muziki. Nini na nini? Kufuatisha wimbo wa Bongo Fleva neno kwa neno juu ya biti, mimi naita karaoke ya nyuzi. (Usinune.) Mzee Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyefariki 2003, alifika Ulaya na zeze na ilimba (ile ya kupigwa kwa vidole gumba), hadi kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel ikamrekodi. Zeze nalo ni la kupigwa kwa upinde, kama fidla yako. Likizo hii twende Chamwino ukakae na wazee wanaolipiga. Sikiliza upinde unavyokwaruza makusudi. Mwalimu wako atakukemea ukifanya hivyo darasani, lakini jukwaani huo mkwaruzo ndio utakaokutofautisha na wengine.

Kuhusu sendofu na harusi: chukua nusu ya malipo kabla hujapanda basi, mengine kabla hujashuka jukwaani. Kuna kamati moja ilinizungusha hela ya spika mpaka bwana na bibi harusi wakapata mtoto. Na anayekuambia "njoo upige, utajulikana", mwambie baba yako amekataa.

Waya usinunue. Nitakuchomea mwenyewe, mita sita, uweze kutembea mpaka meza kuu. Niambie tu jeki ya hiyo fidla ni saizi gani.

Baba yako