Kabla Hujapanda Gari la Chunya

Mwanangu mpendwa,

Marahaba kwa shikamoo uliyoituma kupitia kwa dada yako. Ingekuwa vema ungepiga mwenyewe, lakini najua mko kwenye mitihani. Sisi wazima. Mvua haijatupumzisha, chai inachipua kuliko mikono tuliyonayo ya kuichuma, na ule mgomba wa nyuma ya choo umeanguka na mkungu wake ukiwa bado mchanga.

Video ya ushuhuda wako imefika. Mama yako mdogo wa Uyole aliiweka kwenye kundi la ukoo Jumanne usiku, na kulipokucha karibu kila mtu alikuwa ameandika "Bwana asifiwe". Nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilitazama jinsi ulivyosimama, umeshika kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho, sauti haitetemeki, nikasema moyoni huyu ni wangu. Mara ya pili nikasikiliza maneno. Mara ya tatu nilikuwa na mama yako. Tulipofika pale unaposema baba alikutupia mabegi nje, ukalala stendi ya Kabwe miezi mitatu ukivuta bangi, akaniambia zima. Akaenda jikoni, na hakulizungumzia tena mpaka kesho yake jioni.

Mwanangu, usiongeze. Nimekaa chini kuandika kwa ajili ya hilo tu.

Hukulala stendi. Zilikuwa siku nne, na ulikuwa Mwanjelwa kwa rafiki yako, ambaye mama yake alinipigia simu usiku ule ule wa kwanza akaniambia nisihangaike, mtoto amekula na amelala. Huyo mama umemfuta kabisa. Mabegi sikuyatupa. Maneno niliyasema, pale getini, na majirani waliyasikia. Hayo ukitaka kuyasema yaseme, sitakuzuia, yalitoka kinywani mwangu. Kuhusu bangi sijui. Kama ni kweli, habari hiyo ilipaswa kunifikia mimi kabla ya ukumbi mzima.

Sasa Jumamosi mnakwenda Chunya na Makongolosi kwenye mkutano wa injili, na nasikia wamekuweka siku ya kwanza utoe ushuhuda. Nimefurahi, na nimekosa usingizi kwa sababu hiyo hiyo. Fikiria utakaosimama mbele yao. Ni wachimbaji. Wamo humo watu waliolala kweli chini ya turubai miaka, walioacha wake Tukuyu na Mbozi wakaapa kurudi na dhahabu, wanaoijua gongo kwa harufu. Mtu wa namna hiyo akikusikia unasema ulilala stendi miezi mitatu, atatazama mikono yako na viatu vyako, na atajua. Hatakuzomea. Ataondoka tu, na safari nyingine akija mtu wa Mungu mwenye habari ya kweli, hatasogea kusikiliza.

Najua ulikolitoa. Uliniuliza likizo iliyopita, tukiwa tunafunga ng'ombe, nikakujibu vibaya kwa kuwa nilikuwa na haraka. Ulisema wenzako wa ushirika wa chuo wanaulizana, "Wewe uliokoka lini?" na kila mmoja ana tarehe yake, na wewe huna. Ulibatizwa ukiwa mchanga, ukapata kipaimara, ukaimba kwaya ya vijana, hujawahi kumwacha Mungu hata ukamrudia. Ukaona huna cha kusimulia. Mimi nikakwambia shika kamba. Ningekaa chini siku ile, labda nisingekuwa naandika leo.

Basi nisikilize sasa. Zinzendorf, yule aliyewapokea wakimbizi wa Moravia shambani kwake Herrnhut, huko Ujerumani, alipatwa na jambo hili hili. Alilelewa na bibi yake katika sala, akampenda Yesu tangu utoto, na Wakristo wengine wa siku zake walimtaka aonyeshe pambano kubwa la toba ambalo hakuwa nalo. Hakulitunga. Na Kanisa letu lote la Moravian, mpaka likafika hapa Rungwe mwaka 1891, limepitia mikononi mwa mtu huyo asiye na tarehe. Timotheo naye, Paulo anapomkumbusha imani yake anamtajia bibi yake Loisi na mama yake Eunike, basi. Wewe una bibi. Una mama. Sema hivyo kwa wachimbaji: mimi nililelewa na watu waliokuwa wakiomba, na siku moja nikagundua kwamba sala zao hazinitoshi, inanipasa niombe mwenyewe.

Maana siku hiyo ipo, na mimi naijua. Ule mwaka uliokaa nyumbani baada ya matokeo. Nilikuwa natoka mtoni asubuhi nikakusikia kwenye migomba, unaongea na Mungu kwa sauti ya mtu anayegombana. Nilisimama kidogo, nikarudi nilikotoka, nikapita njia ya juu. Sikukwambia kwa sababu haikuwa yangu. Ulichokuwa ukisema pale, na kile ulichojibiwa, ndicho ninachotamani watu wa Makongolosi wakisikie. Hakuna mwingine anayeweza kuwapa.

Huko chuoni labda wanawafundisha kwamba ushuhuda mzuri ni ule wa aliyetoka mbali. Mimi nimeandika wasifu wa marehemu wa ushirika wetu miaka kumi na tisa, nami nina langu la kusema. Desturi ile ni ya zamani. Wamoravian wa Herrnhut waliianza karne ya 18: kila mshirika aandike mwenyewe jinsi Mungu alivyomwongoza, na siku ya mazishi yake isomwe. Maelfu ya maandiko hayo yametunzwa hadi leo. Sisi huku wengi hawaandiki, kwa hiyo ndugu wananijia usiku wa msiba, nami nawauliza na kuandika. Wengine wananiambia, "Andika alikuwa mcha Mungu maisha yake yote." Nikikubali, kesho yake wakati unasomwa nawaona vijana wenye majembe wakitazamana. Nikikataa, nikaandika kwamba alikunywa miaka mingi na kwamba mwaka fulani aliacha, mkewe analia kwa namna nyingine kabisa. Ushuhuda wako upime hivyo: je, unaweza kusomwa mbele ya watu waliokujua, jeneza likiwa palepale?

Paulo alifanya hivyo. Fungua Matendo 22, anapojieleza Yerusalemu. Anasema aliwatesa watu wa njia ile, yaani wafuasi wa Yesu, halafu anawaambia kwamba kuhani mkuu na baraza la wazee ni mashahidi wake. Aliwataja watu walio hai, waliokuwa wanamchukia, ambao wangeweza kusimama wakakanusha.

Na yule kipofu wa Yohana 9. Wanamuuliza, wanamwita tena, wanawaita wazazi wake, wanamtukana, naye anabaki na lile moja alilo na hakika nalo, kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona. Lakini tazama jambo ambalo wahubiri wengi wanalipita. Alipoulizwa mara ya kwanza, alitaja tope. Alisema Yesu alifanya tope, akampaka machoni, akamtuma kunawa Siloamu, akanawa. Ingependeza zaidi kama angesema "alinigusa nikaona". Hakuliruka tope.

Mimi niliruka.

Ile habari yako ya degedege, ulipokuwa na miaka minne, umeisikia mara nyingi. Kuna kipande chake hujakisikia. Mwaka ule, 2006, tulirudi kutoka Kyela kwenye mavuno ya mpunga, ukiwa na homa, na usiku ukakakamaa. Tuliomba. Tulikupeleka hospitali pia, ukakaa siku tano kwenye dripu ya kwinini, na nesi mmoja wa zamu ya usiku hakuketi. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema tuliomba na mtoto akainuka. Kila neno lilikuwa kweli. Tuliomba kweli, ukainuka kweli. Ila siku tano sikuzitaja, wala dripu, wala nesi. Niliona zinaupunguza utukufu. Watu walipiga vigelegele.

Mwaka uliofuata mtoto wa jirani yetu aliungua homa. Unamjua, ni yule ambaye tangu ukiwa mdogo tulikufundisha umsalimie kwa mikono. Mama yake alikaa naye ndani siku mbili akiomba, kwa kuwa alikuwa amesikia nilivyosema. Walipofika hospitali walimwokoa, lakini masikio hayakurudi. Mama yule hajawahi kunilaumu. Mwezi huu ameleta maharage sado nzima na hakutaka hela.

Kwa hiyo usinione mkali. Ukiongeza kitu au ukipunguza, kuna mtu mahali fulani anakwenda kukifuata hicho ulichokiongeza.

Mengine ni madogo. Usiseme muda mrefu. Dakika saba zinatosha na watu wa kazi wanachoka. Usikae sana kwenye dhambi ukiipamba mpaka vijana wakaitamani. Dhambi ya mtu mwingine usiitaje bila ruhusa yake, hata yangu, ingawa ya getini nimeshakuruhusu. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui. Akija mchimbaji baada ya mkutano akataka kukusimulia yake, nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata kama gari linapiga honi. Na ile video, kama inawezekana kuiondoa, iondoe, kisha mpigie yule mama wa Mwanjelwa umwombe radhi. Namba yake ninayo.

Majina yetu yenyewe hapa Unyakyusa ni shuhuda. Ambokile, ameniokoa. Atupele, ametupa. Mtu anaitwa hivyo anapobebwa mgongoni na anaitwa hivyo mpaka kaburini, na hakuna anayemuuliza tarehe. Lako nililichagua mimi mwenyewe, mama yako alitaka jingine.

Njia ya Chunya inapanda mlima na juu kuna ukungu, kisha mnateremkia kwenye joto. Vaa koti ambalo unaweza kulivua. Kaa upande wa dirisha, unajua unavyotapika. Maji usinywe ya kisima bila kuchemsha. Nimekutumia elfu thelathini. Ishirini ni zako, kumi mnunulie dada yako viatu vya shule pale Mwanjelwa, namba 37, vyenye kisigino kifupi, maana wale wa hapa Tukuyu wameviuza vyote. Bati la jikoni linavuja tena na fundi anasema mpaka mvua ikatike. Ng'ombe mwekundu atazaa mwezi ujao.

Jumapili asubuhi usipige simu, sitakuwa na nafasi ya kuipokea. Nimemwomba mchungaji dakika chache baada ya matangazo, na jana jioni nilikwenda kwa jirani kumwambia nitakachosema, ili asilisikie kanisani kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama mama yako bado ana ile mbegu ya maboga. Nimempelekea leo.

Piga jioni, baada ya mkutano. Utuambie ulisema nini.

Baba yako