Risala ya Skauti kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Mafunzo ya Huduma ya Kwanza Porini

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na skauti wenzetu,

Karibu sana Marangu. Tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi.

Mafunzo tunayohitimu leo yalitokana na tukio moja. Mwaka jana, tukipanda Mlima Kilimanjaro kuelekea kituo cha Mandara, mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua ilitukuta msituni. Wenye miguu myepesi wakatangulia. Mwenzetu mmoja alibaki nyuma akitetemeka, na kila alipoulizwa alijibu, "Niko sawa." Alipoacha kutetemeka tukadhani amepata nafuu. Kumbe baridi ilikuwa imemzidi: alizungumza kama mlevi, na vidole vilishindwa kufunga vifungo vya sweta lake. Tulimvua nguo zilizolowa, tukamfunika blanketi kavu, wawili wakamkumbatia bila kumsugua. Fahamu zilipomrudia vizuri tukampa chai yenye sukari nyingi. Alipona, lakini ilikuwa imepita zaidi ya saa nzima bila yeyote kumtazama usoni.

Kwa hiyo mafunzo yetu yalianza na kutazamana. Bendeji zilifuata baadaye. Sasa tunatembea wawili wawili, na mwenye mwendo mzito ndiye anayetangulia. Kila tunapopumzika, mtu anamwuliza mwenzake: umekula nini, umekojoa lini, kichwa kinauma? Kiongozi wa msafara akinyamaza ghafla, naye anakaguliwa. Kule juu zaidi, anayeumwa kichwa, anayetapika na kuyumba hapandi tena hata hatua moja. Anateremshwa, hata kama ni usiku, na haachwi ashuke peke yake.

Kwa aliyeumwa na nyoka tumeacha wembe, kamba na jiwe la nyoka linalodaiwa kunyonya sumu, ingawa wengi wetu tumekua tukiviona nyumbani. Tunamtuliza, tunamvua pete na saa, tunaufungia mguu kwenye ubao usitikisike, kisha tunambeba kwenda hospitali. Skafu hizi za shingoni ndizo bendeji zetu za pembetatu.

Ndugu Mgeni Rasmi, machela hatuna. Tunatumia miti miwili na blanketi, na kwenye utelezi mbebaji wa mbele akianguka, mgonjwa anaanguka naye. Tunaomba utusaidie machela 1, blanketi 10 za sufu na redio 2 za mawasiliano, maana mabondeni simu hazishiki mtandao.

Wenzetu wako tayari uwanjani kukuonyesha namna tunavyombeba mgonjwa.

Tunaomba kuwasilisha.